Meza ya Mhunzi Imebaki Kitambaa

Mtu akiamka Muleba alfajiri, akapanda Hiace, akashuka stendi ya Bukoba na kurukia bodaboda hadi uwanja wa maonyesho, kisha kabla hata ya saa nne akakuta meza ya mhunzi imebaki kitambaa kitupu, ana haki ya kusonya. Na wiki hii kijiweni kwetu, kwenye ile kona ya mafundi baiskeli, wamesonya kweli. Kahawa ya kutafuna imezunguka mkono kwa mkono, na kila aliyepokea punje alikuwa na neno.

Kisa ni visu. Sisemi visu vya dukani vyenye mpini wa plastiki. Hivyo sokoni vimejaa tele na hakuna anayevigombania. Wanalilia visu vya kufuliwa kwa nyundo: kisu cha kumenyea ndizi, muhoro wa kupunguzia migomba, sime yenye ala ya ngozi, na vile visu vifupi vya heshima ambavyo wazee hupenda kuviweka sebuleni. Mhunzi alileta vichache, vikaisha kabla wengine hawajapata hata nafasi ya kuvishika.

"Mxii! Tumelipa nauli kwenda kuangalia kitambaa," alisema dereva mmoja wa njia ya Muleba. Mwalimu mstaafu, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akikusanya visu vya kila pembe, kuanzia Kiziba hadi Ihangiro, hakupaza sauti, lakini uchungu ulionekana. "Sikwenda kuomba. Pesa yangu ilikuwa mkononi, nimerudi nayo." Kijana aliyekuja likizo kutoka Dar es Salaam alitaka kisu kimoja tu cha kumpelekea baba mkwe wake. Naye mama mmoja wa Kamachumu, aliyekuwa amepumzisha mkungu wake wa ndizi pale kijiweni, akasema, "Ta Mwalimu, waitu, wewe ulitaka cha kutundika. Mimi nilitaka muhoro wa shamba, na nimekosa vilevile."

Wote wana haki ya kuudhika. Lakini hasira yao kubwa imemwangukia mhunzi. Eti mvivu, eti anaringa, eti anaficha mali ili bei ipande. Hapo ndipo ninapogoma. Jamani, kabla ya kumsonya mtu, tuangalie kwanza kazi yake inavyofanyika.

Kisu kizuri cha siku hizi kinaanzia kwenye gari bovu. Mhunzi anatafuta springi ya bapa ya lori au ya Land Rover, kwa sababu chuma chake kina kaboni ya kutosha kushika makali. Nondo ya ujenzi haifai. Utaifua mpaka jioni, utainoa mpaka iwake, na ukikata mikungu miwili itakuwa butu. Springi yenyewe sasa inagombaniwa na wanunuzi wa chuma chakavu wanaopita mitaani na mizani. Akiipata, anaikata, anaitia kwenye moto wa mkaa, kijana anavukuta, nyundo inapiga. Chuma kikipoa kinarudi motoni, kikiiva kinarudi kwenye fuawe, mara nyingi mno, mpaka bapa lipate umbo. Halafu linaachwa lipoe polepole, linapigwa tupa, linarudishwa motoni mpaka liwe jekundu, na hapo ndipo linazamishwa kwenye maji au mafuta ili lishike ugumu. Hapa ndipo kazi ya siku nzima inapoweza kufa. Bapa likipoa vibaya linapasuka au linapinda, na mhunzi halipwi kwa kisu kilichopasuka. Likinusurika, linapashwa tena kwa moto mdogo ili ugumu upungue kidogo lisije likavunjika kama kioo. Baada ya hapo kuna mpini, kuna ala, kuna kunoa.

Hiyo ndiyo kazi ya kisu kimoja. Banda la mhunzi mara nyingi liko wazi pembeni, na Bukoba ni miongoni mwa miji yenye mvua nyingi kabisa nchini. Siku ya mvua ya upepo kutoka ziwani, mkaa unalowana na kazi inasimama. Na katikati ya visu vyenu vya maonyesho kuna jembe la jirani lililovunjika shingo, kuna shoka la mpasua kuni, kuna koleo la fundi mwingine. Hao ndio wateja wake wa mwaka mzima, wale wanaompa chumvi na ada ya shule, na hawezi kuwatupa kwa sababu ninyi mmekumbuka visu siku ya sikukuu.

Sasa nitasema ninachosonya mimi. Nasonya kuona visu vichache vile vikichukuliwa na watu wachache kabla wananchi hawajaingia. Palikuwa na mtu aliyebeba fungu zima, na jioni yake visu hivyohivyo vilikuwa nje ya geti kwa bei iliyoruka. Huyo si mkusanyaji, ni mlanguzi. Mkusanyaji anakijua kisu chake: kimefuliwa wapi, cha kazi gani, mpini wake ni mti gani. Mlanguzi anajua bei tu. Na pesa aliyoongeza pale getini haikumfikia mhunzi hata senti moja.

Nasonya pia namna tunavyobana bei. Mtu anakubali bila neno bei ya simu iliyotengenezwa mbali, lakini akifika kwa mhunzi anaanza: "Punguza bwana, si chuma chakavu tu hiki?" Sawa, chuma ni chakavu. Mkaa je? Bega lake je? Kisu kilichopasuka jana nani kakilipia? Tukimbana miaka yote, kijana wake anatazama, anapiga hesabu, anachukua bodaboda ya mkopo. Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Leo hasani wala havukuti, anapakia abiria. Simlaumu, maana sisi ndio tuliomwonyesha kwamba nyundo ya babaye hailipi. Basi mhunzi anabaki na mikono miwili na vijana wa kubahatisha, halafu tunashangaa visu ni vichache.

Na tunashangaa mahali pabaya kabisa pa kushangaa, kwa sababu mkoa huu wa Kagera haukujifunza chuma juzi. Nendeni Katuruka, kule karibu na Maruku. Kuna masimulizi ya Mukama, yaani mfalme, Rugomora Mahe aliyeamuru ujengwe mnara wa chuma wa kufika mbinguni, na kuna mahali pa mti wa Kaiija ambapo wazee walisema chuma kilifuliwa. Mwaka 1969 mtafiti kijana kutoka Marekani, Peter Schmidt, alianza kukaa na wazee wa Buhaya akiwasikiliza, kisha akachimba pale walipomwelekeza. Chini ya ardhi akakuta mabaki ya ufuaji na uyeyushaji wa chuma ya zaidi ya miaka 2,000. Baadaye, mwaka 1976, wazee waliokuwa wameyeyusha chuma katika ujana wao walijenga tanuru upya mbele ya Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery. Walitumia udongo wa kichuguu, wakachoma matete ya bwawani katika shimo la chini ya tanuru, wakaingiza mabomba ya udongo ndani kabisa ili hewa ya mivukuto ipate joto kabla ya kufika motoni. Wataalamu hao wakaripoti kwamba joto lilipita nyuzi 1,800 za Selsiasi. Habari hiyo ilitoka katika jarida la Science mwezi Septemba 1978, na dunia ikasimama kusoma kuhusu wazee wa Buhaya.

Tena mkusanyaji mkubwa wa kwanza ninayeweza kumtaja katika ardhi hii hakuwa mgeni. Ni Mukama Rumanyika wa Karagwe. Mwaka 1876 Henry Morton Stanley alifika kwake, akaonyeshwa nyumba ya hazina, na katika kitabu chake cha safari akaandika alivyokuta humo miundu ya chuma aliyoisifu kwa ubora, mikuki yenye ndimi mbili, na mabapa mapana yenye makali ya kutisha, pamoja na sanamu za ng'ombe na bata za metali. Kwa hiyo Mwalimu wetu mstaafu akitundika visu ukutani hafanyi uzungu. Anafanya kilichofanywa na wenye nchi. Tofauti ni kwamba hazina kama ile haijazwi kwa kuvizia meza siku moja. Inajazwa na mtu anayewajua wahunzi wake, anayewaagiza na kuwalipa.

Kilichotuvunja kinajulikana. Wakati wa Wajerumani na kisha Waingereza, majembe ya viwanda vya Ulaya yaliingia kwa wingi na kwa bei ambayo tanuru la kijijini halikuiweza. Uyeyushaji ukazimika, ndiyo maana mwaka 1976 walioweza kuuonyesha walikuwa wazee tu. Baada ya uhuru tukapata kiwanda chetu cha zana za kilimo pale Ubungo, kwa msaada wa China, na baadaye maduka yakafurika mapanga ya kila nchi. Sipingi jembe la kiwandani. Limelima chakula kingi. Ila mhunzi alibaki na kazi moja ambayo kiwanda hakijaiweza: kutengeneza kisu kinacholingana na mkono wa mtu na kazi ya mtu. Muhoro wa mama mfupi wa Kamachumu si muhoro wa kijana mrefu wa Nshamba. Hilo kiwanda hakiulizi.

Namrudia mama wa Kamachumu, maana yeye ndiye aliyenigusa zaidi. Kwetu kisu cha shambani si pambo. Katikati ya miaka ya 2000 mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria uliingia Kagera, na Muleba ndiko ulikoanza kuonekana. Kila mwenye kibanja anaukumbuka: majani yanasinyaa na kugeuka njano, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukikata shina linatoa usaha wa njano. Na njia kubwa mojawapo ya kuusambaza ilikuwa kisu. Unakata mgomba mgonjwa, unahamia mzima, umeshaupeleka ugonjwa. Unaazima muhoro kwa jirani, umeshaleta ugonjwa kwako. Mabwana shamba walipita kijiji kwa kijiji wakifundisha: ua dume livunjwe kwa kijiti chenye panda badala ya kukatwa, kisu kisafishwe kwa moto au kwa maji yenye dawa ya klorini kila unapotoka mgomba mmoja kwenda mwingine, na zana zisiazimwe ovyo. Familia ambayo maisha yake yote yako kwenye migomba inahitaji muhoro wake yenyewe. Kwa hiyo mama huyu akikosa muhoro, amekosa kinga ya shamba lake.

(Na kwa mnaotumia visu vya kufuliwa, sikilizeni: ukikichoma kisu mpaka chuma kigeuke rangi ya bluu, ugumu umeondoka na makali hayatakaa tena. Kipitishe motoni kwa kiasi, au tumia dawa.)

Hivyo msimamo wangu ni huu, na niliutamka kijiweni mbele ya wote: mkulima kwanza, mkusanyaji kwa oda. Ta Mwalimu alininyamazia kidogo, kisha akaitikia kwa kichwa. Kisu cha kutundika kinaweza kusubiri miezi mitatu. Migomba haisubiri.

Kuna hatari nyingine ambayo uhaba huu unaileta, na nimeanza kuisikia. Mtu akikosa kipya kwa mhunzi, anaanza kuzunguka vijijini akiulizia vya zamani. Anamkuta bibi mjane, anauona mkuki wa marehemu mume wake, anatoa noti mbili tatu, anaondoka na historia ya ukoo. Msiuze, waitu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ipo kwa ajili ya kulinda vitu vya namna hiyo, na havitakiwi kuvushwa nje ya nchi bila kibali. Lakini hata kabla ya sheria, fikiria wajukuu. Vitu vya thamani vya nchi hii viliondoka kwa maelfu enzi za Wajerumani, na leo Mtanzania akitaka kuviona sharti apande ndege hadi makumbusho ya Berlin. Wakati ule tulinyang'anywa. Safari hii tusivitoe wenyewe kwa bei ya kilo ya nyama. Katuruka wanakijiji walishirikiana kulifufua eneo lao kuwa kituo cha urithi. Familia yenye silaha ya babu inaweza kuihifadhi hivyo hivyo, kwa jina la mwenyewe na habari zake zikiwa zimeandikwa.

Kwa wale wanaodhani aibu hii ya meza tupu ni ya Bukoba peke yake, nawapa habari za mbali. Atlanta, Marekani, kila mwezi Juni kuna maonyesho makubwa ya visu yaitwayo Blade Show, yaliyoanza mwaka 1982. Huko nako watu hupanga foleni, na visu vya mafundi wenye jina huisha mapema. Wengine wamebuni dawa: hawauzi kwa mbio. Mnunuzi anaandika jina, analitumbukiza kwenye boksi, kura inapigwa mchana kweupe, na aliyetoka ndiye anayepata nafasi ya kununua. Fundi mashuhuri Bob Loveless, aliyefariki mwaka 2010, alikuwa na wateja waliosubiri kisu chake kwa miaka, wakiwa wameagiza na kupangwa kwenye orodha. Uchache kule haukumfanya fundi kuwa mwizi. Ulimfanya aheshimiwe.

Haya tunayaweza. Waandaaji wa maonyesho, iwe ni Nanenane pale Kyakairabwa au tamasha jingine la mkoa, msimtoze mhunzi ada ya meza sawa na kampuni ya simu. Mpeni banda lenye paa, mkaa na ruhusa ya kuwasha moto, afue mbele ya watu. Mtoto wa shule akiona cheche ataelewa kwa nini kisu si bei ya pipi. Wekeni utaratibu ulioandikwa getini: mtu mmoja kisu kimoja siku ya kwanza, hakuna kuuza kabla ya kufungua, zana za shamba meza yake na visu vya wakusanyaji meza yake, na vya wakusanyaji vipigiwe kura.

SIDO wapo Bukoba, na chuo cha VETA cha mkoa kimejengwa Burugo. Wafundisheni vijana kuchomelea, ndiyo, lakini mchukueni na mhunzi mzee akae nao, awaonyeshe rangi ya chuma kilichoiva na sauti ya bapa lililopasuka ndani. Ujuzi huo hauko kwenye cheti, na kila mwaka tunauzika makaburini.

Nanyi wanunuzi wenzangu, jifunzeni kununua. Kabla ya kutoa pesa, pitisha tupa polepole kwenye ukingo wa makali: ikiteleza bila kuuma, chuma kimeshika ugumu, ikila kama inakula nondo, rudisha kwa adabu. Tazama kama bapa limenyooka, tikisa mpini, uliza springi ilitoka wapi. Ukishapata jibu, usibane bei. Kama una springi kuukuu nyuma ya nyumba, usimpe wa mizani. Mpelekee mhunzi, atakukumbuka siku ya foleni.

Na msisubiri maonyesho. Mhunzi ana banda, banda lina njia, na njia anaijua kila dereva wa bodaboda. Nenda sasa, Ta Mwalimu; nenda sasa, kijana wa Dar; mweleze unachotaka, patana bei ya haki, lipa advansi, mwachie namba yako, kubali tarehe atakayokupa. Mama wa Kamachumu tumekwisha kukubaliana kijiweni kwamba muhoro wake uwe wa kwanza. Atakayekwenda maonyesho yajayo bila kuagiza na akakuta kitambaa kitupu, asimsonye mhunzi.